Tathmini ya kituo cha msaada wa kisheria: nilivyodai talaka kwa mume mwanajeshi aliyegoma

Kwa mwaka mmoja na miezi minne nilikuwa mteja wa kituo kimoja cha msaada wa kisheria hapa Dar es Salaam, na tangu shauri langu limalizike nimeulizwa mara nyingi, hasa na wake wa wanajeshi tuliowahi kuishi nao jirani, kama huduma ile inafaa au ni kupotezeana muda kwa sababu haina malipo. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa yapo ya kuwasifia na yapo ya kuwalalamikia, na aliyehusika na kosa kubwa kuliko yote alikwisha kuondoka. Nitaeleza nilichokikuta, kuanzia foleni ya asubuhi hadi siku niliyopokea nakala ya hukumu, ili mwenye shida kama yangu na mfuko kama wangu aamue mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala. Mwenzangu ni mwanajeshi. Tulifunga ndoa bomani mwaka 2014, tukajaliwa mtoto mmoja, na mwaka 2019 alihamishiwa kikosi cha mkoa wa mbali. Mwanzoni fedha za matumizi zilifika kila mwezi, baadaye zikawa za kudonoadonoa, na Machi 2020 zikakatika kabisa. Nilipomwambia kwa simu kwamba basi tuachane kwa amani, alinijibu kwamba talaka hatoi, kwamba hakuna mjumbe wa mahakama atakayevuka geti la kikosi chake, na kwamba kama nina fedha za kushindana naye nijaribu. Fedha sikuwa nazo, na hilo alilijua vizuri. Wakili wa kwanza niliyemwendea, muungwana kabisa, alinitajia gharama ambayo ingemeza cherehani zangu mbili pamoja na kodi ya fremu ya mwaka mzima.

Kituo nilielekezwa na mteja wangu mmoja niliyekuwa nikimshonea sare za kwaya. Nilikwenda Oktoba 2023. Mlango hufunguliwa saa 2 asubuhi, lakini ukifika saa hiyo umechelewa, kwa sababu namba za wateja wapya hugawiwa kwa kikomo na kwa kawaida hukwisha kabla ya saa 1 na nusu. Siku ya kwanza nilirudishwa, siku ya pili nikapata namba 14. Mabenchi ni machache, na mvua ikinyesha wote hujazana kwenye baraza lenye upana wa mikeka miwili. Kabla ya kusikilizwa hujazwa dodoso la kipato, kwa kuwa msaada unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 umekusudiwa watu wasio na uwezo wa kulipia. Mimi nilitakiwa pia kuleta barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jambo ambalo lingeweza kabisa kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni ili mtu asipoteze nauli ya safari nzima.

Baada ya hapo, sifa. Aliyenipokea alikuwa msaidizi wa kisheria, dada wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alinisikiliza kwa karibu nusu saa bila kunikatiza na bila kunitazama kwa jicho la huruma, jicho ambalo nilikuwa nimelichoka. Alipomaliza kuandika aliniuliza mambo matatu tu: cheti cha ndoa kiko wapi, mara ya mwisho tulilala nyumba moja lini, na kama nina ushahidi wowote wa anwani ya mume wangu. Kisha akasema maneno ambayo kwangu yalikuwa na thamani kuliko barua zote zilizofuata: "Mama Neema, talaka ya bomani haitolewi na mume. Inatolewa na mahakama. Yeye akikataa kuja, tutaandika kwamba amekataa, na sheria ina pa kumweka."

Miaka yote ile nilikuwa nimeamini, kama wengi wetu tunavyoamini, kwamba kukataa kwake ni kufuli. Dada yule alifungua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na kunionyesha kifungu cha 101, kinachosema kwamba shauri la talaka halifunguliwi mpaka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na baraza lithibitishe kuwa limeshindwa kusuluhisha. Lakini kifungu hichohicho kina milango ya pembeni: kama mwenza ametoweka na hajulikani aliko, kama yuko nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi 6, kama ameitwa na baraza akakataa kufika kwa makusudi, na hali nyingine chache. Mume wangu alikuwa amejiweka mwenyewe kwenye mmoja wa milango hiyo bila kujua.

Hapo palizuka suala la Kongo. Kila mke wa mwanajeshi anaufahamu uvumi huu: ukimuuliza mtu mume wa fulani yuko wapi, utaambiwa yuko Kongo, kwa kuwa Tanzania imekuwa na kikosi kwenye ujumbe wa Umoja wa Mataifa mashariki mwa nchi hiyo tangu mwaka 2013. Shemeji yangu alishikilia kwamba kaka yake amekwenda huko. Nilitaka tutumie mlango wa aliye nje ya nchi, nikidhani ni wa mkato. Msaidizi wa kisheria alikataa, akasema tukidai yuko nje halafu ikadhihirika yuko ndani, shauri litatupwa na nitarudi nyuma ya mstari. Badala yake aliniandalia barua ya heshima kwa mkuu wa kikosi alichohamishiwa, kuomba kuthibitishiwa kama afande fulani yupo kazini pale na kama ofisi inaweza kumshauri afike kwenye usuluhishi.

Majibu yalikuja Desemba, mistari mitano, yakisema suala hilo ni la kifamilia na niende kwenye vyombo vya sheria. Nililia. Nilipompelekea yule dada barua hiyo alitabasamu, akaniomba niisome upya taratibu. Mstari wa pili ulikuwa unasema "mtumishi uliyemtaja, ambaye yupo kikosini hapa". Kulikuwa na muhuri, tarehe na kumbukumbu namba. Barua niliyoiona ya kunifukuza ndiyo iliyothibitisha alipo, na ndiyo mahakama iliyoitegemea baadaye kupeleka samansi kwa mkuu wa kikosi ili akabidhiwe. Wakili wa kulipwa angeweza kuliona hilo pia, sina shaka. Ninachosema ni kwamba hapa lilionwa na mtu ambaye sikumlipa hata senti.

Kwenye baraza la kata mwenzangu aliitwa mara tatu, na kwa kila wito kituo kilinisisitizia nitunze uthibitisho. Wito wa kwanza tuliupeleka kwa posta nikahifadhi stakabadhi. Wa pili na wa tatu tuliupeleka kwa posta na pia kwa WhatsApp, nikachapisha picha ya ukurasa wa simu ukionyesha alama mbili za bluu. Wito wa tatu aliujibu kwa sauti, sekunde 11, akisema yeye hana muda wa vikao vya akina mama. Mwenyekiti wa baraza, mzee mwenye subira isiyo ya kawaida, aliisikiliza rekodi hiyo mara mbili, akawapa wajumbe wenzake nao wakaisikiliza, kisha akasema iandikwe kwenye kumbukumbu neno kwa neno.

Baraza halikukosa kasoro. Hati ya kwanza niliyopewa ilikuwa barua ya kawaida yenye muhuri, ikieleza kwamba "tumejitahidi kuwapatanisha". Kituo kiliikataa papo hapo. Hati inayotakiwa ni Fomu Namba 3, inayotokana na kanuni za mabaraza haya za mwaka 1971, na lazima ieleze kwamba baraza limeshindwa kusuluhisha. Mashauri ya talaka yamewahi kufutwa, hata kwenye rufaa, kwa sababu baraza liliandika barua badala ya hati yenyewe. Nilirudi kata, mzee akajaza fomu, nikaipata tarehe 19 Februari 2024. Mwenye kusoma hapa na aishike tarehe hiyo, kwa sababu malalamiko yangu makubwa yanaanzia kwayo.

Chini ya kifungu cha 106, hati ya baraza inayoambatanishwa na madai ya talaka isiwe imetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Maana yake nilikuwa na muda hadi katikati ya Agosti. Jalada langu lilihamishiwa kwa kijana wa kujitolea, mhitimu wa sheria, ili aandike madai. Aliniambia nisubiri simu. Nilisubiri Machi, Aprili, Mei na Juni. Nilipopiga simu niliambiwa linashughulikiwa. Julai nikaenda mwenyewe, nikakuta kijana amemaliza muda wake tangu Mei na jalada langu limelala kwenye droo ya meza yake, juu yake pakiti ya biskuti iliyoliwa nusu. Hakuna aliyekuwa amekabidhiwa kazi zake. Laiti ningeendelea kusubiri simu kwa adabu, hati ingekwisha muda, na ningelazimika kuanza upya kwenye baraza na mtu ambaye sasa angejua la kufanya.

Ninatambua kwamba kituo kinaendeshwa na watu wachache na wafadhili wasiotabirika, na kwamba vijana wa kujitolea nao wana maisha ya kutafuta. Hata hivyo, tarehe ya mwisho ya hati ingeweza kuandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya jalada, na hiyo haihitaji mfadhili. Msimamizi aliomba radhi bila kujitetea, akaandika madai yeye mwenyewe kwa siku mbili, na tarehe 8 Agosti shauri likafunguliwa likiwa limebakiwa na siku 11. Ninampa heshima yake kwa hilo. Lakini tangu siku hiyo niliacha kuliita jalada lao. Nilinunua faili la plastiki, nikarudufu kila karatasi kwa shilingi 100 ukurasa, na kila nilipofika pale nilikuwa na jalada langu kamili kwapani.

Shauri lilisikilizwa Temeke, kwenye Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichoanza kazi mwaka 2021, ambako mahakama za ngazi mbalimbali zinazoshughulikia mirathi na ndoa ziko pamoja. Sheria ya Ndoa inaruhusu shauri la talaka kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, na kwa mtu wa kipato changu kituo kilinishauri nianzie chini, ambako ada ni ndogo, lugha ni Kiswahili tupu na mtu anaweza kujieleza mwenyewe. Ni vizuri msomaji afahamu kwamba msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kwa niaba yako kama wakili. Anakuandaa, anakuandikia, anakaa nje kwenye benchi akikusubiri. Mimi nilisimama peke yangu mbele ya hakimu na washauri wake wawili, nikatetemeka magoti, kisha nikazoea.

Maandalizi yao kwa ajili ya ushahidi yalikuwa ya kiwango cha juu, na hapo ndipo ninapowapa alama nyingi. Walinikataza kusema "ananinyanyasa" bila kueleza lini na vipi. Walinituma kwa mtandao wangu wa simu kuomba taarifa ya miamala, ambayo ilionyesha kwa mstari mmoja usiobishika kwamba fedha ya mwisho kutoka kwake ilikuwa shilingi 50,000, Machi 2020. Sheria, katika kifungu cha 107, inahesabu kutelekezwa kwa makusudi kwa angalau miaka 3 kuwa miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kwa hiyo karatasi ile na ushahidi wa mwenye nyumba wangu vilifanya kazi ambayo machozi yasingeifanya. Nilifanyishwa mazoezi mara mbili ofisini, dada wa miwani akiwa ndiye hakimu, na alikuwa mkali kuliko hakimu mwenyewe.

Lilibaki la kiwanja. Tulikuwa na kiwanja Chanika chenye msingi na kuta zilizofika usawa wa madirisha, hati ya mauziano ikiwa na jina la mume wangu pekee. Mali ikiwa kwa jina la mwanandoa mmoja, dhana ya kisheria ni kwamba ni yake, lakini dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, na kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za wote wawili. Walinieleza juu ya shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe, nilivyosimuliwa kwa kucheka kidogo, hakuambulia kitu siku ile. Mimi nilikuwa na zaidi ya kazi za nyumbani: ndani ya kopo la maziwa ya unga kulikuwa na risiti za saruji na matofali nilizolipa kwa fedha za ushonaji, nyingine zimefifia hadi tulizisoma kwa kuziinamisha dirishani.

Mume wangu alifika mara moja tu, mwezi Septemba, kwa nguo za kiraia, akiwa mpole kama mgeni wa harusi, akaomba ahirisho kwa sababu za kazi akapewa. Hakurudi tena. Hakimu alihakikisha kwamba samansi iliyofuata imepokelewa kikosini, kisha Novemba akaamuru shauri lisikilizwe upande mmoja. Hukumu ilisomwa Januari 2025: talaka ilitolewa, mtoto akabaki kwangu na baba yake akaruhusiwa kumtembelea, akaamriwa kutoa matunzo ya kila mwezi, nami nikapewa asilimia 40 ya thamani ya kiwanja. Ningependa zaidi, lakini risiti zilizofifia hazikusaidia zote. Kwa ujumla sikutumia fedha nyingine ila ada ndogo za mahakama, posta, kurudufu karatasi na nauli za daladala, ambazo nilizigawanya kwenye miezi hiyo 16 kadiri sketi na magauni yalivyoingia.

Kituo ninakipa alama 7 kati ya 10. Alama mbili zimepotea kwenye lile droo. Moja imepotea kwa ajili ya mapokezi: kijana wa mlangoni huita shida ya mtu kwa sauti kubwa mbele ya foleni nzima, "wa talaka apite, wa mirathi asubiri", na kwa mke wa mwanajeshi anayejua kwamba habari husafiri hadi kikosini kabla yake, hilo si jambo dogo. Nililitaja kwa msimamizi, naye akaahidi kulirekebisha. Nilipokwenda mara ya mwisho wanatumia namba.

Huduma hii inamfaa zaidi mwenye ndoa iliyozidi miaka 2, kwa sababu chini ya muda huo sheria inataka kwanza ruhusa maalumu ya mahakama, na inamfaa mwenye muda wa kufuatilia. Aliyepigwa au anayetishiwa asianzie hapo, aende kwanza polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, kisha aje na karatasi yake. Mwenye nyumba au ardhi iliyosajiliwa ambayo mume anaweza kuiuza wakati shauri linaendelea, awaombe siku hiyohiyo ya kwanza wamweleze namna ya kuweka zuio kwa msajili. Mimi nililijua hilo nikiwa nimechelewa, na ni bahati tu kwamba kiwanja changu hakikupata mnunuzi. Anayetafuta mtu wa kumsemea mahakamani kuanzia mwanzo hadi mwisho atasikitika, labda shauri lake liwe zito kiasi cha kupangiwa mmoja wa mawakili wao wachache.

Matunzo ya mtoto yalilipwa mwezi wa kwanza na wa pili, kisha yakasimama, kwa hiyo sasa nimerudi pale kwa ajili ya kukaza hukumu, yaani kuiomba mahakama imlazimishe kuitekeleza. Jalada jipya lina tarehe zote kwa kalamu nyekundu, na nimeziandika mimi. Wanaokuja waje na cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya serikali ya mtaa na kigoda cha kukalia, na wafike kabla ya saa 12 na nusu.